Afande Anajifunza Kutembea

Viatu vilipofika, mume wangu alivitoa kwenye boksi kwa ncha za vidole, akavigeuza juu chini, akakikunja kimoja mpaka mbele ikagusana na nyuma, kisha akaniuliza kana kwamba nimevishona mimi:

"Maimuna, hivi ni viatu au ni soksi?"

Nikamwambia amuulize mwanawe aliyevituma. Binti yetu Sabra anafanya kazi Dar, na mwisho wa wiki anakimbia na wenzake wa mazoezi. Alivituma kwa basi. Soli zake nyembamba, ukikanyaga punje ya hindi unaijua. Mbele vipana, kila kidole kina nafasi yake, na kisigino hakijainuliwa hata kidogo. Sabra alinieleza kwenye simu kwamba kazi ya viatu hivyo ni kuufanya mguu utembee kama haujavaa kitu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi nimekulia milimani, juu ya Kinole, pekupeku, nikililia viatu. Nimeshuka bondeni nikavipata. Leo mwanangu anatoa hela yake kununua viatu vya kumrudisha baba yake pekupeku!

Lakini sikucheka sana, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemlilia Sabra mpaka akavituma.

Mume wangu anaitwa Hamza, ila hapa Kingolwira hakuna anayemwita hivyo. Ni Afande tu. Alikuwa askari magereza tangu kijana mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo miguu yake ilikaa ndani ya mabuti. Ukiiona inatia huruma. Vidole vimebanana, dole gumba limewalalia wenzake, na nyayo ni laini kama za mtoto mchanga. Hata baada ya kustaafu alibaki na jozi moja, akawa anaipiga rangi kila asubuhi na kuivaa kwenda dukani kununua sukari. Mimi nilikuwa namjua angali barabarani. Pwa, pwa, pwa! Nikisikia hivyo naipua sufuria, nachukua sahani, na akiingia anakuta chakula mezani. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa, aliponioa tuliahidiana jambo moja. Siku akistaafu tutahamia kwetu, kwenye shamba la mama yangu. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na kwa mama mabinti tumebaki mimi peke yangu. Hamza mwenyewe ni mtu wa Turiani, kwenye mpunga na miwa, nchi iliyonyooka kama meza. Hata hivyo alikubali, na hakuwahi kurudi nyuma kwenye neno hilo. Mimi nikasubiri. Nimepika, nimelea, nimehama nyumba hii na ile za kambi, lakini moyoni nilikuwa nahesabu kwamba ipo siku nitaamka nione ukungu ukipanda kutoka mtoni kwetu.

Mama anaitwa Bi Mosi. Amezeeka, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Anakaa na tangawizi yake, migomba na michungwa, na miti ya mdalasini aliyoipanda marehemu bibi. Majirani wanamwangalia, lakini jirani si mwana. Ukimwambia ashuke mjini anakujibu kwamba mjini hakuna hewa.

Basi mwaka jana Hamza akastaafu, na masika tukapanda na mizigo ya kwanza. Kutoka pikipiki inapoishia, njia ya kwenda kwa mama ni ya miguu, mwinuko mtupu, udongo mwekundu ambao mvua ikiupiga unakuwa sabuni. Hamza na mabuti yake! Matope yakaganda chini, kila buti likawa na uzito wa jiwe la kusagia. Tulikuwa tumeshafika kwenye matuta ya tangawizi ya mama, nyumba naiona, mguu mmoja ukamtoka. Aliporomoka akapita na matuta matatu, tangawizi ikang'oka, goti likagonga mzizi wa mti. Alishushwa kwa machela. Vijana wanne wa kijiji walimbeba, na watoto wakafuata nyuma wakiimba. Sitamsahau alivyojifunika uso kwa kofia yake.

Goti lilipona. Yeye hakupona.

"Huko sirudi," aliniambia. "Nenda kwa mama yako, Maimuna. Anakuhitaji. Mimi nitakaa hapa, utakuwa unakuja kunitazama."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. Angefoka ningejua la kumjibu. Mume nimezeeka naye, leo nigawane naye mlima na bonde, yeye apike ugali wake peke yake huku na mimi niote moto peke yangu kule? Na nikibaki naye, mama yangu afe akiwa ameshikwa mkono na jirani? Nililia, nikatukana, nikalala kitanda cha watoto siku kadhaa.

Kwa mama nako hapakuwa na msaada. Nilipomwambia kwamba mkwe wake anaogopa njia, alisema tu, "Miguu yake haijui huku. Mwache akae kwake." Basi. Wala sikushangaa, kwa sababu mama na Hamza hawakuwahi kuwa na maneno mengi. Kila kiangazi, njia ikiwa kavu, nilikuwa napanda kumsaidia mama kuvuna, na Hamza ananifuata siku ya likizo yake kunichukua. Na kila mwaka, kabla mume wangu hajatokeza uani, nakuta mzigo wangu uko mlangoni umeshafungwa kwa kamba ya mgomba, ndani ndizi, tangawizi na magome ya mdalasini. Hakuna aliyemwambia mama kwamba Hamza amefika. Ananyanyuka tu mwenyewe, anafunga mzigo harakaharaka bila kunitazama. Iliniuma kila mara. Nilisema moyoni, huyu mama anamchoka mkwe wake kabla hajamwona, anataka tuondoke upesi.

Hayo yote nilimweleza Sabra kwenye simu, na Sabra, badala ya kunipa pole, akatuma viatu.

Kesho yake asubuhi Afande alivivaa, maana hakutaka kumuudhi mtoto. Nilimwambia aanze taratibu. Akanitazama kama mahabusu anayempangia mkuu wa gereza. Akatoka, kifua mbele, mikono inapaa na kushuka, mpaka stesheni ya treni, na huko akaona haitoshi akafuata reli. Alirudi juu ya pikipiki. Nyayo zimevimba, visigino haviguswi, vigimbi vimekaza kama kamba ya mbuzi. Nikachemsha maji ya chumvi. Viatu akavisukumia uvunguni kwa fimbo.

"Mwambie mwanao ahsante," akasema. "Viatu vizuri sana. Awape maadui zake."

Jioni Sabra akapiga simu ya video. "Baba, simama utembee nikuone."

"Niko mgonjwa."

"Hatua chache tu, baba. Mama, shika simu iwe chini."

Nikashika. Hamza akajikongoja akavivaa, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati, na pamoja na maumivu yote yale kisigino kilishuka kwenye sakafu vilevile. Pwa! Pwa!

"Baba!" Sabra akapiga kelele mle ndani ya simu. "Unapiga gwaride!"

"Natembea."

"Unapiga gwaride! Kisigino cha buti ni kinene, kinapokea kishindo. Hapo baba huna kitu kati ya mfupa na sakafu. Tua taratibu, hatua fupi, mguu mzima. Na usiende mbali. Ndani kwanza, wiki nzima ndani, halafu uani. Ule mguu umelala miaka mingi, huwezi kuuamsha kwa siku moja."

"Sabra, mimi nimefundishwa kutembea na serikali."

"Sawa, baba. Sasa umestaafu."

Alijaribu, siwezi kumsingizia. Aliamka, akavaa vile visoksi vyake, akazunguka sebuleni akitua mguu taratibu, macho chini, midomo inacheza kama mtu anayehesabu. Akiangalia miguu, ni mtu mpya. Taarifa ya habari ikianza tu redioni, akili inahama, kisigino kinarudi kazini. Pwa! Anasonya. Anaanza tena. Mimi nilikuwa najifanya nachambua mchele, lakini kila kishindo kilinigonga kifuani. Nilijua kwamba kila pwa inanibakiza Kingolwira, au inanipeleka Kinole bila yeye.

Siku moja natoka bombani na ndoo kichwani. Yeye amekaa barazani, miguu kwenye beseni. Nikapita mbele yake nikaingia uani.

"Maimuna," akaniita. "Mbona wewe husikiki?"

"Nisikike nina nini?"

"Unapotembea. Umebeba ndoo nzima na husikiki."

Nikamjibu kwa hasira, maana shingo ilikuwa inaniuma. "Nikikanyaga kama wewe si maji yote yataniishia mgongoni?"

Tukatazamana. Nikaitua ile ndoo. Nikamwaga nusu kwenye pipa, nikazungusha khanga yangu nikapata kata nzuri ya kuweka kichwani, nikamwambia, "Njoo."

"Wapi?"

"Njoo nikutwike."

"Mimi? Mwanamume gani anatwikwa ndoo ya maji?"

"Anayetaka kwenda na mkewe."

Alikausha miguu kidole kwa kidole, akavaa viatu, akanifuata mpaka nyuma ya jiko ambako ua ni mrefu. Nikamtwika.

Siku ile Hamza alioga na nguo. Hatua ya kwanza ikapiga kisigino, maji yakaruka, yakamshukia machoni, akaropoka neno ambalo sijawahi kumsikia nalo nyumbani kwangu. Nikajaza tena. Nilimfundisha nilivyofundishwa na mama nikiwa binti mdogo, tunateremsha mananasi na ndizi kwenda gulioni Kinole. Shingo wima, magoti yalegee kidogo, mguu uguse kwanza ndipo uuamini. Unaweka, unasikiliza, halafu unahamia. Ukikosea hugombezwi na mtu, unagombezwa na mzigo. Na mzigo, nilimwambia, hauogopi cheo.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya asubuhi. Nusu ndoo, bila mfuniko, kutoka jikoni mpaka kwenye mpapai na kurudi. Maumivu hayakuondoka kwa mpigo. Siku nyingine vigimbi vilimkaza akashindwa hata kuinama kwenye swala, nikamwambia leo pumzika, na alipumzika kwa kununa. Siku nyingine alivua vile viatu akavizungusha hewani akitaka kuvitupa barabarani. Nilimwacha. Baada ya chai alivifuata mwenyewe.

Siri ya uani haina maisha. Jirani yetu Fidelis, mstaafu mwenzake waliyekuwa zamu moja, alikuja kuazima koleo, akachungulia juu ya ua. Akamkuta Afande, mtu aliyekuwa akikohoa kambi nzima inanyamaza, amebeba ndoo kichwani, mikono miwili juu, khanga yangu ya maua imemning'inia sikioni.

"Afande!" Fidelis akasema, macho yamemtoka. "Umepewa adhabu?"

Hamza hakuweza kugeuza shingo. Akajibu akiwa anatazama mbele.

"Ndiyo."

"Kosa gani?"

"Kutembea vibaya."

Fidelis alicheka mpaka akaushikilia ua asianguke. Kufika jioni mtaa wote unajua. Wanawake bombani wakaniuliza nimempa limbwata gani na kama limebaki kidogo. Nikawaambia limekwisha. Nilidhani Hamza ataacha kwa aibu, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumchamba. Kesho yake aliamka kabla yangu, nikamkuta anasubiri nyuma ya jiko, kata ameshaikunja mwenyewe. Nilimwona vile nikaona haya kumsalimia, kama bado mchumba.

Baadaye tukaacha nusu, akawa anabeba ndoo nzima. Akaanza kutoka nje bila ndoo, mpaka stesheni, halafu kandokando ya reli, treni mpya ya umeme ikimpita juu kwenye reli yake. Dole gumba lake, amini usiamini, lilianza kujitenga na wenzake. Sebuleni alikaa akilichezesha, akiniita nije nitazame. Nikienda natazama. Ni dole tu, lakini nilitazama.

Asubuhi moja nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, kivuli kikanifunika. Nikapiga yowe, kifuu kikaruka mpaka kwenye banda la kuku.

"Unaninyemelea kwenye nyumba yangu?"

"Nimetoka stesheni," akasema. "Nimepita getini, nimepita barazani, nimekuja mpaka hapa."

"Hukuita hodi!"

"Nilitembea tu."

Alivyokuwa anafurahi! Mimi nikamfukuza jikoni. Alipoondoka nikabaki nimeshika nazi na machozi yananitoka. Nilijua maana yake ni kwamba huenda tutapanda pamoja, na nilimshukuru Mungu. Lakini pia niliikosa ile pwa, pwa iliyoniambia miaka yote kwamba mume wangu amerudi salama na niipue sufuria. Sasa itabidi chakula kisubiri mpaka nimwone kwa macho.

Wiki ile ile Hamza aliyafunga mabuti kwenye kiroba, akayaweka juu ya kabati.

"Mvua zimepungua," akasema. "Twende kwa mama."

Nilijipamba siku hiyo, sioni sababu ya kuficha. Nilivaa dera jipya na sendo zangu zenye kisigino kidogo, zile za harusini. Nilitaka watu wa kwetu waone kwamba nimekaa mjini sikukaa bure. Tulipoteremka kwenye pikipiki, Hamza alizitazama sendo, akafungua mdomo, akaufunga. Huko ndiko kumjua mke.

Usiku kulikuwa kumenyesha. Njia ilikuwa ile ile iliyompindua, nyekundu, inang'aa. Alitangulia na fimbo yake. Nikawa natazama miguu yake, sitazami yangu. Aliweka mguu, akausikiliza, akahamia. Penye mizizi alipinda vidole ndani ya vile viatu akashika, niliviona vikishika. Penye jiwe alitua pembeni. Pumzi ilimwishia mara mbili, akasimama akajifanya anatazama mandhari. Tulipofika pale pabaya zaidi, chini kidogo ya matuta, soli nyembamba zikaanza kuteleza nazo. Moyo ulinipasuka. Nikasema, ndiyo yale yale. Hamza akakaa kwenye mzizi, akavivua, akavifunga kamba akavitundika shingoni, akasimama pekupeku kwenye tope la kwetu. Akapanda. Mtu wa Turiani! Akafika juu akageuka kunipa mkono.

Ndipo mimi nilipoanguka.

Sikuteleza kidogo. Nilikaa chini na dera langu lote, nikateremka nikipiga ukunga, sendo moja ikaenda upande wake. Binti wa milimani, niliyeteremsha mananasi njia hii hii nikiimba! Hamza akashuka taratibu, akaniinua, akaifuata sendo porini, akaifuta kwa majani. Hakucheka. Alikuwa anajizuia mpaka masikio yanatingishika, na hilo lilinikera kuliko kicheko.

"Cheka basi!"

Akacheka. Nikampiga kofi la bega, kisha nikacheka na mimi, tope mpaka kwenye nywele.

Mtoni, pale njia inapoukata mto kabla ya matuta, aliosha miguu, akavaa viatu vyake tena. Nilimwambia tumebakiza hatua chache tu, apande hivyohivyo. "Siwezi kwenda kwa mkwe pekupeku," akasema, akafunga kamba vizuri. Tukakata katikati ya matuta ya tangawizi, kwenye kijia chembamba, na safari hii hakuna jani lililolala.

Mama alikuwa amekaa kizingitini, tangawizi mbichi imemjaa miguuni, anakwangua udongo kwa kisu. Akainua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia ukianguka pale chini. Hukuumia?"

"Sikuumia."

"Una viatu gani?" Akatikisa kichwa. "Umekuja peke yako kwenye njia hii. Askari wako umemwacha wapi?"

Hamza alikuwa amesimama karibu yangu, ningenyoosha mkono ningemshika. Akanitazama. Alitaka kucheka na akashindwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kisu kikasimama.

"Marahaba." Mama akageuza uso kwenye kile kivuli. "Umefika sasa hivi?"

"Nimekuja naye."

"Na mabuti?"

"Nimeyaacha Kingolwira, mama."

Mama akaanza kunyanyuka, mkono mmoja unapapasa ukuta, tangawizi inamporomoka miguuni, na uso wake umejaa wasiwasi ambao sikuuelewa.

"Mnisamehe basi," akasema. "Sijafunga kitu."

"Kufunga nini, mama?"

"Mzigo wako! Yale mabuti huwa nayasikia yangali ng'ambo ya mto. Nikiyasikia najua anakuja kukuchukua, basi nafunga mzigo. Mikono iwe na kazi, nisije nikalia mbele ya mkwe. Leo sikusikia kitu. Ndizi ziko mgombani, tangawizi ndiyo hii ina udongo. Utaondoka mikono mitupu."

Nilisimama pale na tope langu. Miaka yote ile. Mizigo yote ile niliyoibeba kwa kununa kuteremka nayo mlimani, nikidhani nimefukuzwa.

"Usifunge, mama," nikasema. "Leo hajaja kunichukua."

Mama alimgeukia Hamza. "Kweli?"

"Kweli, mama," Hamza akasema. "Kama utatupokea. Nilikuwa nataka kuuliza ndoo ziko wapi."

"Ndoo za nini?"

"Nichote maji."

Mama akaelekeza kidole nyuma ya nyumba, mdomo wazi. Hamza akaichukua ndoo, akaokota kitambaa kwenye kamba akakikunja kata, akashika kijia cha mtoni. Mama akainamisha kichwa akatega sikio, muda mrefu.

"Kaenda?"

"Kaenda, mama."

"Sasa nitajuaje akirudi? Mtu mwenyewe hasikiki."

"Hutakuwa na haja ya kujua," nikamwambia. "Hatakuwa mtu wa kuja tena, mama. Atakuwa yupo."

Mama akakaa chini polepole. Akapapasa mpaka akakipata kisu, akanifuta tope mkononi kwa upindo wa khanga yake, kisha akaniwekea kile kisu kiganjani.

"Basi kaa," akasema. "Tangawizi hii ni nyingi."